Kuonja kinywaji cha kuongeza nguvu chenye tunda usilolijua: mwongozo kamili

Kopo geni likitolewa kwenye friji, likafunguliwa na kupigwa funda la haraka, mnywaji huambulia vitu vitatu: utamu, baridi na ukali wa gesi. Tunda linampita. Tundu la kopo ni dogo, pua imebaki juu ya bati, baridi imeizuia harufu isiruke, na viputo vimeshauchoma ulimi kabla ladha haijatulia. Ndiyo maana watu wawili hunywa kopo moja, huyu akasema ni pichi na yule akasema ni dawa ya kikohozi, na kila mmoja akawa ameshika kipande cha ukweli. Ukifuata hatua zilizo hapa chini utaweza kuandika ni tunda gani umelikuta, limetengenezwa kwa nini, na limekaaje kati ya sukari, tindikali, kafeini na vitamini. Utahitaji saa moja, na mililita 180 tu za kopo.

Kafeini kwanza

Kabla ya kufungua chochote, piga hesabu. Chukua miligramu za kafeini kwa kila mililita 100, zidisha kwa ujazo wa kopo, kisha gawanya kwa 100. Vinywaji vingi vya Ulaya vina miligramu 32 kwa mililita 100, hivyo kopo la mililita 250 lina 80 na la 500 lina 160. Usichukulie kwamba makopo yote yako hapo. Marekani yapo ya mililita 473 yenye miligramu 300, na vipo vichupa vya mililita 60 hivi vinavyobeba 200. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya 2015, iliona kwamba mtu mzima mwenye afya hapati tatizo kwa miligramu 200 kwa mara moja na 400 kwa siku kutoka vyanzo vyote; kwa mjamzito ni 200 kwa siku. Chai na kahawa ya asubuhi zinaingia kwenye hesabu hiyohiyo.

Ukiona gwarana, mmea wa Amerika Kusini, kwenye viambato, kuwa mwangalifu zaidi. Mbegu zake zina kafeini yake yenyewe, na lebo nyingine huandika uzito wa gwarana bila kusema imeongeza kafeini kiasi gani. Kopo la namna hiyo lionje kwa kutema.

Watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye matatizo ya moyo au shinikizo la damu wasiwe kwenye meza hii. Onja asubuhi au mchana mapema: baada ya muda wa saa tano hivi, nusu ya kafeini uliyomeza bado imo mwilini, na ukionja jioni utailipia usiku.

Kusoma lebo ya lugha usiyoijua

Kinywaji kisichojulikana mara nyingi huja na maandishi usiyoweza kuyasoma. Namba zinasomeka popote. Anza na nishati. Gawanya kilokalori za mililita 100 kwa 4, utapata gramu za sukari kwa ukaribu wa kutosha. Kilokalori 45 ni kama gramu 11 za sukari, yaani kinywaji cha mtindo wa kawaida. Kilokalori 20 ni mchanganyiko wa sukari na vitamu vya viwandani. Chini ya 5, sukari karibu haimo na utamu karibu wote unatoka kwingine.

Kisha tafuta namba za viambajengo. Ulaya huziandika na herufi E mbele. Nchi nyingine huandika namba tupu, lakini maana ni ileile. 330 ni asidi ya sitriki, 296 asidi ya maliki, 331 chumvi ya sitriki inayopunguza makali ya tindikali. 950 ni asesulfamu, 951 aspatemu, 955 sukralosi, 960 stivia. 202 na 211 ni vihifadhi. 101 ni vitamini B2, inayotia umanjano. 163 ni rangi itokanayo na matunda na mboga za zambarau, 133 ni buluu ya kiwandani, 129 nyekundu ya kiwandani. Ukikuta 414 au 445, tarajia kinywaji chenye ukungu: hivyo ndivyo vinavyoyashika mafuta ya harufu yasipande juu. Aspatemu ina onyo lake kwa wenye fenilketonuria, ugonjwa wa kurithi unaozuia mwili kuvunja sehemu moja ya protini, na onyo hilo halina ubishi.

Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Kama juisi ya tunda haimo, au imo chini ya vihifadhi mwishoni, tunda lote litakuwa kazi ya mtengeneza harufu. Hilo halikifanyi kinywaji kuwa kibaya, ila linakuelekeza cha kutafuta. Kwa kopo la Japani, usishangae taurini, kiambato cha kawaida cha vinywaji hivi, isipokuwemo: huko taurini ya kutengenezwa huhesabiwa kuwa dawa, hivyo vinywaji baridi mara nyingi huwekwa ajinini, asidi ya amino yenye uchungu wake wa pembeni.

Hapa kuna mgongano ambao lazima uutatue. Ukisoma lebo unajua tunda lililoandikwa, na ukishalijua utalionja hata kama halimo. Njia bora ni kumwomba mtu mwingine asome, akupe kiasi cha kafeini na maonyo tu, kisha akumiminie huku kopo limefunikwa. Ukiwa peke yako, andika kwenye daftari kabla ya kunusa: "Nimeambiwa ni tunda fulani." Sentensi hiyo itakusaidia baadaye kutenga ulichokikuta na ulichokitarajia.

Vitu vya mezani

Unahitaji glasi tatu zenye tumbo pana na mdomo uliobana, za kunywea mvinyo zikipatikana, zilizooshwa kwa sabuni isiyo na harufu na kukaushwa kwa hewa. Kitambaa cha jikoni huacha harufu yake ndani ya glasi. Kikombe cha karatasi kinanuka karatasi, cha plastiki kinanuka plastiki. Ongeza kipimajoto cha jikoni, mizani inayosoma gramu 0.1, kikombe cha kutemea, maji ya kawaida yasiyo baridi, na biskuti kavu zisizo na chumvi wala sukari. Usipige mswaki wala kutafuna chingamu ndani ya saa nzima kabla ya kuonja. Mnanaa hubaki kaakaani kuliko watu wanavyodhani. Marashi pia yaache.

Tengeneza na maji ya kulinganishia. Yeyusha gramu 22 za sukari na gramu 0.8 za asidi ya sitriki, kisha jazia maji hadi mililita 200. Huo ndio mfupa wa kinywaji cha kuongeza nguvu: utamu na uchachu wake wa kawaida, bila tunda, bila gesi, bila kafeini. Usitumie limau badala ya asidi ya unga, kwa sababu harufu ya ganda lake itakuchanganya. Ukipiga funda la maji haya kati ya funda na funda la kopo, ulimi unaona mara moja kilichoongezwa: uchungu umetoka wapi, uchachu ni mkali au mpole kuliko kawaida, utamu unaisha lini.

Joto, na kumimina

Kopo likae kwenye friji usiku mzima bila kutikiswa, litoke likiwa na nyuzi 4 hadi 6. Usiliharakishe kwenye friza. Likianza kuganda, maji huganda kabla ya sukari na unachokimimina kinakuwa kizito kuliko kawaida yake. Chunguza mshono wa juu na wa chini. Kopo lililovimba au linalovuja usilionje.

Fungua, kisha mimina mililita 60 kwenye kila glasi, ukiilaza glasi ili gesi isiruke yote. Glasi ya kwanza onja mara moja. Ya pili iache ipande hadi nyuzi 10 hadi 12. Ya tatu itoe gesi: hamisha kinywaji kutoka chombo hadi chombo mara 15 au 20 mpaka povu likome, uache kifike joto la chumba. Glasi zote tatu ukizimeza, kwa kiwango cha miligramu 32 kwa mililita 100, ni miligramu 58 hivi za kafeini.

Rangi itazame haraka kisha iache. Ina nguvu ya kudanganya kupita kiasi. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu walichapisha jaribio la Bordeaux, Ufaransa, ambamo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama waliosomea kuonja waliongozwa na macho, kinywaji cha buluu kitamwongoza yeyote. Mwenye glasi nyeusi aitumie.

Kunusa

Nusa mara tatu, kila mara kwa pumzi fupi mbili au tatu, si kuvuta kwa nguvu. Mara ya kwanza usitikise glasi: kinachopanda chenyewe ni harufu nyepesi zaidi, mara nyingi ndizi, nanasi au ganda la limau. Zungusha glasi mara mbili, ungoje sekunde tano ili gesi iliyolipuka iondoke (vinginevyo itaichoma pua na hutanusa kitu), kisha nusa tena. Mara ya tatu funika mdomo wa glasi kwa kiganja kwa nusu dakika, ufunue, unuse. Pua ikichoka, nusa mkunjo wa kiwiko chako. Ndiyo harufu ambayo pua yako imeizoea kuliko zote.

Andika kabla ya kuonja. Andika hata maneno yanayoonekana ya kipuuzi: peremende, rangi ya kucha, sanduku la dawa. Hayo mara nyingi ndiyo sahihi zaidi, kwa sababu yanaelekeza kwenye kemikali halisi. Harufu ya peremende ya ndizi ni isoamili asetati, na ndiyo iliyo kiini cha ile harufu ambayo watu huiita tu "harufu ya enaji". Nanasi la kopo ni ethili butireti. Cheri iliyo karibu na lozi ni benzaldehidi. Pichi yenye urojo wa maziwa ni gama-dekalaktoni. Zabibu nyeusi ya peremende ni methili anthranileti, na ukishaijua hutaisahau.

Matunda mengine yana alama zisizotarajiwa. Lichi hunukia waridi. Embe halisi lina upande wa msonobari, na ukiukosa kabisa huo, umepewa embe la juu juu. Pasheni nzuri ina salfa kidogo sana inayoelekea jasho; bila hiyo inakuwa sharubati tamu isiyo na jina, na ikizidi inakuwa kinyaa. Mtengenezaji aliyethubutu kuweka salfa hiyo kwa kipimo anastahili sifa, kwa maana ni rahisi zaidi kuiacha.

Tunda la joka lifikirie peke yake. Picha yake inapendeza kwenye kopo, waridi na kijani, ila nyama ya tunda lenyewe karibu haina harufu: utamu mpole, majimaji, mbegu ndogo. Kinywaji kinachonukia sana "tunda la joka" kimejengwa kwa matunda mengine, kwa kawaida stroberi, ndizi na kitu cha jamii ya limau. Ukiandika "stroberi na ndizi" umeonja sawasawa. Usifute ukaandika jina la kwenye kopo.

Kuonja

Anza na glasi ya baridi. Piga funda la mililita 10 hadi 15, kama kijiko kimoja cha mezani, lizungushe mdomoni kwa sekunde tano, uteme au umeze. Hapa angalia gesi na tindikali peke yake. Viputo vidogo hutekenya, vikubwa huchoma na kutoweka. Asidi ya sitriki hupiga mara moja pembeni mwa ulimi na kuondoka. Ya maliki huja taratibu na kukaa, kama ugwadu wa tofaa bichi. Vinywaji vya matunda mara nyingi huwa na asidi hizo zote mbili.

Sukutua kwa maji, tafuna kipande cha biskuti, ngoja dakika moja. Piga funda la maji ya kulinganishia, sukutua tena.

Sasa glasi ya nyuzi 10 hadi 12, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Bana pua kwa vidole viwili. Piga funda ukiwa umebana, lizungushe, umeze kidogo, uhesabu hadi tatu. Kilichopo mdomoni sasa ni utamu, uchachu, uchungu, na gesi, tunda halipo. Achia pua, utoe pumzi kupitia puani. Tunda litaingia lote kwa mpigo, kama taa iliyowashwa. Hilo la sekunde ya kwanza ndilo la kuandika, kwa sababu baada ya hapo akili huanza kupangapanga. Rudia mara tatu, si zaidi. Baada ya hapo unajikariri.

Ukiwa umebana pua, tafuta uchungu. Miligramu 320 za kafeini katika lita moja ni uchungu unaoonekana wazi kwenye maji matupu, ila sukari na tindikali huufunika, kwa hiyo utausikia mwishoni, nyuma ya ulimi, utamu unapoanza kushuka. Ukipiga funda la maji ya kulinganishia baada yake, tofauti hiyo itasimama peke yake. Ukakasi ni kitu kingine: ni ule mkwaruzo wa ndizi mbichi, unausikia kwenye ufizi na ndani ya mashavu, na kwenye vinywaji hivi huashiria dondoo la chai, komamanga au ganda la tunda.

Vitamini za kundi B zina harufu yao, hasa B1: chachu, salfa, kichupa cha vidonge kilichofunguliwa. Wengi huisingizia taurini, ambayo yenyewe haina ladha kubwa. Ukiisikia, jiulize tunda limeificha au limegombana nayo. Matunda yenye salfa yake, kama pasheni na balungi, huimeza vizuri. Stroberi na tikitimaji hubaki uchi mbele yake.

Glasi ya tatu, isiyo na gesi na yenye joto la chumba, haipendezi, na haikusudiwi kupendeza. Inafichua. Utamu utavimba, harufu za kiwandani zitajitenga, na kasoro yoyote itajitokeza. Kinywaji ambacho tunda lake bado linatambulika hapo kimetengenezwa kwa uangalifu.

Kinachobaki mdomoni

Baada ya kumeza, tazama saa. Andika kilichopo baada ya sekunde 10, 30 na 60. Sukari huondoka ndani ya muda mfupi. Sukralosi huchelewa kuanza na huchelewa kuondoka, mpaka midomo inabaki mitamu wakati tunda limeshapita. Asesulfamu huwahi, na nyuma yake kuna uchungu wa bati. Stivia huacha utamu wa mizizi na uchungu mwembamba. Ndiyo sababu viwanda huvichanganya: kimoja kinaziba pengo la kingine. Mkwaruzo kooni unaokuja baada ya sekunde chache, bila tindikali, mara nyingi ni wa kihifadhi 211.

Mfano wa maandishi yanayofaa: "Nyuzi 11. Pua: nanasi la kopo, ganda la limau, nyuma yake vidonge. Pua ikiachiwa: nanasi, kisha nazi mbivu kwa sekunde mbili. Uchachu wa kukaa. Uchungu sekunde ya 10, mwembamba. Sekunde 60: utamu mdomoni, tunda hakuna." Mtu mwingine akisoma hayo anaweza kulitafuta kopo hilohilo kwenye safu ya makopo kumi. "Tamu, nzuri, 8 kwa 10" haimsaidii mtu.

Vinavyoharibu matokeo

Ladha ya chuma kwa kawaida inatoka kwenye ukingo wa kopo uliogusa midomo, kwa hiyo kabla ya kulilaumu kopo onja kwenye glasi. Ikibaki hata kwenye glasi, chunguza kama vitamu ni asesulfamu. Harufu ya limau iliyogeuka kuwa tapentaini au plastiki ni dalili ya joto: sitrali, inayobeba harufu ya limau, huvunjika ndani ya tindikali, na joto huharakisha. Aspatemu nayo hupungua utamu kwa njia hiyohiyo, ndipo kopo lililokaa juani linapokuwa chachu kuliko ndugu yake wa kiwanda kimoja. Kwenye chupa ya kioo angavu iliyokaa dirishani, vitamini B2 huvunjwa na mwanga na umanjano hupauka. Duara la mafuta shingoni mwa chupa lina maana harufu imejitenga na kinywaji; funda la kwanza litakuwa kali na la mwisho maji ya sukari.

Ukitaka kujua kama kweli unatofautisha makopo mawili, kwa mfano la sukari na lisilo na sukari, fanya jaribio la pembetatu. Mtu mwingine amimine glasi tatu za mililita 20 zenye joto moja, mbili za kopo hili na moja ya lile, aziandike namba za tarakimu tatu. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Fanya raundi sita, ukitema kila funda. Kwa kubahatisha tu utapata mbili hivi. Ukipata tano au sita, unaweza kuamini ulimi wako. Nne bado ni shaka.

Baada ya kuonja

Vinywaji hivi vina tindikali kali kuliko kiwango ambacho enameli ya meno huanza kulainika, yaani pH ya 5.5 hivi. Sukutua kwa maji matupu na uache mswaki kwa angalau nusu saa. Usichanganye kilichobaki na pombe. Kafeini huficha dalili za ulevi bila kuupunguza.

Kilichobaki kwenye kopo kitie kwenye chupa ndogo ya kioo, ijae hadi shingoni ili hewa isipate nafasi, ifungwe kwa nguvu na kurudi kwenye friji. Kionje kesho yake kwa nyuzi 12, pua ikiwa imebanwa kisha kuachiwa, bila kusoma ulichoandika jana. Harufu nyepesi za juu zitakuwa zimepungua, na mara nyingi tunda la pili, lile lililokuwa limejificha nyuma ya nanasi au ndizi, ndilo litakalokuwa mbele. Liandike chini ya maandishi ya jana, kisha ndipo ulifunue kopo usome jina.